Mwizi wa Mchana

Siku hizi zizi la serikali linalindwa na Mguyana mmoja mnene, mpole, asiye na mama kisiwani, hana shangazi, hana hata shemeji wa kumnunia. Watu wanamsalimia. Akikamata mbuzi wako unakwenda, unalipa faini, mnaongea habari za kriketi, unarudi kwako. Nikimwona anavyochekewa pale dukani roho inaniuma, maana kazi ni ile ile, kamba ni ile ile, sheria ni ile ile, na mume wangu aliifanya miaka sita. Katika miaka hiyo mimi sikuuziwa mkate wa moto hata siku moja. Nikifika tu, mikate imekwisha.

Naitwa Almona. Mume wangu ni Wycliffe Harrigan, wa akina Harrigan wa Bethel Hill, na ukisikia watu wa kisiwa hiki chetu cha Anguilla wanamtaja Mwizi wa Mchana, ndiye huyo. Walisema mwizi wa usiku angalau ana haya. Basi nami nitasema yangu, maana naona wanaosimulia habari zake ni wale wale waliokuwa wakitema mate akipita.

Sisi hapa hatuna mto. Hatuna mlima wa mtu kuuita mlima. Ni mwamba wa chokaa umelala baharini, mrefu, mwembamba, na udongo umekaa juu yake kwa kubahatisha, kiganja hapa, kiganja pale. Mvua ikipenda inanyesha, isipopenda tunakwangua tangi chini ya nyumba. Zamani mabwana walijaribu kulima miwa, mwamba ukawashinda, wakafunga virago. Waliobaki ni sisi, ndiyo maana hapa hata maskini ana kipande chake cha ardhi, na hata mwenye kipande cha kuzikia paka ana kiburi cha mfalme. Kinachoota bila kubembelezwa ni miiba, na anayekula miiba akanenepa ni mbuzi. Mbuzi hapa hafungwi. Anakatwa sikio akiwa mdogo, kila ukoo na mkato wake, kisha anaachiwa aende zake. Ilikuwa hivyo tangu enzi zile wanaume wetu wakienda Santo Domingo kukata miwa ya watu, na wanawake wakabaki na mbuzi na watoto, wakawalea wote kwa sauti moja.

Halafu zikaja hoteli. Sina ugomvi na hoteli, nimefua mashuka yao tangu usichana wangu na ndiyo yaliyosomesha watoto wangu. Lakini tuambiane ukweli. Serikali yetu inaishi kwa ushuru wa kila kinachoshuka bandarini, na kwa kitanda anacholalia mgeni. Mgeni asipolala vizuri, serikali nayo hailali. Na mgeni hapendi mbuzi. Anapenda picha ya mbuzi. Mbuzi mwenyewe akiingia kwenye maua yake, simu inalia kwa meneja, meneja anampigia waziri, na ikiwa mgeni ni mzito kweli kweli, simu inafika kwa gavana. Gavana anatoka London, anakaa kidogo, anaweka sahihi, anaondoka. Tunaobaki kulala na hiyo sahihi ni sisi.

Ndivyo sheria ya mbuzi ilivyokaziwa. Mbuzi akikutwa barabarani au katika kiwanja cha mtu, anapelekwa zizini. Mwenyewe asipolipa faini, Ijumaa ananadiwa. Asiponunuliwa mnadani, anapanda lori la machinjio, na nyama inaliwa gerezani.

Sasa nani akubali kazi hiyo, katika kisiwa ambacho ukitupa jiwe linampata binamu yako?

Wycliffe alikuwa mtunza bustani wa hoteli. Kimbunga kile kikubwa kikaja, kikaichukua hoteli, kikachukua na paa letu. Tukakaa chini ya turubai miezi mingi, nikipika dengu hadi watoto wakazikataa. Siku moja akaja mwakilishi wa wilaya yetu, mheshimiwa ambaye wapiga kura wake wote wangetosha nyuma ya pikapu mbili. Akina Harrigan wote walikuwa chama kingine. Hapa kura ni siri, lakini siri ya nani? Watu wachache namna hii, ukitazama tu nani kanuna kesho yake unajua. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Wycliffe, ndugu yangu, kuna kazi. Mshahara kila mwisho wa mwezi, na pensheni ukizeeka."

"Kazi gani?"

"Mlinzi wa zizi."

Wycliffe akacheka. Mheshimiwa hakucheka. Mimi nikamwambia mume wangu achukue. Nilimwambia mbele ya yule bwana na ningemwambia tena leo, asubuhi hii, maana waliokuja kutucheka baadaye hakuna hata mmoja aliyetuletea bati. Heshima ya ukoo haizuii mvua.

Mama mkwe wangu, Mama Iona, alizipata habari kabla hatujamaliza kunywa chai. Tulipokwenda kumweleza, Wycliffe akiendesha pikapu ya serikali, tulimkuta amesimama getini, kijiti cha kuswagia mbuzi mkononi.

"Gari hilo lisisimame kwangu," alisema.

"Nitakuja kwa miguu basi, mama."

"Na miguu hiyo isije."

Akatugeuzia mgongo. Kuanzia hapo mwanawe wa mwisho, aliyemnyonyesha kuliko wote, hakuvuka geti lile. Krismasi nilikuwa napeleka keki mwenyewe, naipitisha juu ya seng'enge. Alikuwa anaipokea, anasema ahsante, anauliza habari za watoto, hamtaji. Nilitamani nimrushie.

Na usidhani ilikuwa yeye peke yake. Tukiingia kanisani, benchi la watoto lilikuwa likilia mee chini kwa chini, na wazazi wao wakifungua kitabu cha nyimbo kutafuta ukurasa wasiouhitaji. Wycliffe aliimba sauti ya nne katika kwaya. Alipofika siku moja akakuta kiti chake kimewekwa ngoma. Fundi wa magari hakuwa na nafasi. Kinyozi alikuwa na nafasi, ila mikono ilikuwa inamtetemeka, na mume wangu akarudi na kichwa kama shamba lililolimwa na mlevi. Nikamwambia, "Wanakutia shubiri, na wewe unawachekea." Akasema, "Ni watu wetu, Almona." Nikamwambia watu wetu wana majina, tuanze kuwataja. Hakutaka. Tabia yake ndiyo hiyo, yaani ukimtukana anatafuta ulichokuwa unamaanisha.

Hata hivyo, watu walikuwa na namna yao ya kuishinda sheria bila kuivunja, nayo ndiyo kiini cha maneno yangu yote. Faini ilikuwa kubwa. Lakini bei ya kuanzia mnadani ni dola moja. Basi mtu alikuwa halipi faini. Anangoja Ijumaa, anakuja zizini na kofia yake ya kanisani, na kijiji kizima kinakuja kusimama pamoja naye. Mlinzi wa zizi anaita, "Mbuzi huyu, mnasemaje?" Watu wote kimya. Kimya mpaka unasikia nzi. Kisha mwenye mbuzi anasema, "Dola moja." Kimya tena. Mbuzi ni wake. Serikali imepata dola yake na dharau juu. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo, kila mtu alilijua tu, kama unavyojua usikae kwenye kiti cha baba wa watu.

Kanuni ni kwamba mwenyewe ndiye afungue mdomo. Mwingine akisema kabla yake, au akasema mwenyewe hayupo, ni sawa na kumzika angali hai na kugawana vyombo vyake. Bwana mmoja wa upande wa magharibi aliwahi kupandisha bei ya kondoo wa jirani yake. Alikuwa na baa. Toka siku hiyo alikuwa anakunywa mwenyewe. Mwishowe akavuka kwenda kisiwa jirani cha Saint-Martin na hajarudi, na watoto wake wakija huku wanatumia jina la mama yao.

Wycliffe aliijua kanuni hiyo na aliiheshimu. Ijumaa alikuwa anaita polepole, anampa mtu nafasi ya kupiga chafya. Hakuna aliyemshukuru.

Mbuzi wa mama yake walikuwa kumi na mmoja. Hao si mbuzi wa mchezo. Baba yake Iona ndiye aliyenunua mama wa mama zao kwa pesa ya Santo Domingo, na tangu hapo Iona hakununua mbuzi na hakukopa. Mbuzi hao ndio waliompeleka mwanawe mkubwa Uingereza, ndio waliomzika mumewe, na kimbunga kilipokuja alikataa kwenda kujificha shuleni kwa sababu mwalimu alisema mbuzi hawaruhusiwi. Alikaa nao jikoni usiku kucha, yeye na wao, upepo ukipiga kelele. Ukimwuliza ana watoto wangapi anakutajia wanne, kisha anakuelekeza uani umalizie hesabu.

Kwa miaka sita mume wangu hakuwaona mbuzi hao. Wakikatiza barabara yeye anatazama baharini. Nao watu wakaliona hilo, wakaligeuza kuwa kesi nyingine.

"Wycliffe," Eulalie, dada wa mama mkwe, alimwita siku moja nje ya posta, watu wamejaa, "macho yako yana ugonjwa gani? Mbuzi wangu unawaona hata kwenye ukungu."

"Mama mdogo, wako walikuwa uwanja wa ndege."

"Na wa Iona walikuwa wapi jana, mbinguni?"

Watu wakaangua kicheko. Kwa hiyo akikamata ni mwizi, asipokamata ni mwizi wa upendeleo. Nawaulizeni nyinyi wenye akili, angefanyaje?

Mwaka huo wa sita walimaliza kujenga jumba la wageni pale chini ya Bethel Hill, kuta nyeupe, bwawa la kuogelea linalotazama bahari kana kwamba bahari yenyewe haitoshi. Ukame ulikuwa umeshika. Mbuzi wa Mama Iona wakashuka wakafuata majani mabichi, wakayala maua yaliyoletwa kwa meli kutoka Florida, wakanywa bwawa, na yule beberu mzee akaingia ndani akapanda kitandani kwa mgeni. Mgeni alikuwa amekilipia kitanda hicho kwa usiku mmoja pesa ambazo mimi nazifulia mwezi mzima.

Mchana wake akaja Leroy Proctor kutoka wizarani. Leroy ni binamu ya Wycliffe, mtoto wa Eulalie, walioga ndoo moja. Alikataa kuketi.

"Kaka, safari hii simu imetoka juu kabisa," akasema. "Wanataka mbuzi wale wawe zizini leo. Wasipokuwa zizini leo, kesho kazi si yako."

"Ni mbuzi wa mama, Leroy."

"Namjua mama yako. Amenichapa kuliko wangu. Lakini nikuambie nini? Nikirudi bila jibu, na mimi wananitoa."

Wycliffe akanitazama. Nikamwambia, "Ukiacha kazi hii tutakula nini? Huyo mama yako atatupitishia chakula juu ya seng'enge?" Nilikuwa na hasira na wote, na gavana na beberu pia. Akachukua kamba, akaondoka.

Aliwakamata mchana kweupe, maana angewakamata kwa siri ingekuwa vibaya zaidi. Mbuzi walimjua. Walimfuata wakapanda pikapu bila kuvutwa, na hilo watu walilisimulia kuliko yote.

Nilikwenda kwa mama mkwe jioni hiyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nikamkuta anachambua mbaazi.

"Mama, Ijumaa ni mnada," nikasema. "Utakwenda utasema dola moja, watarudi. Ndivyo kila mtu anavyofanya."

"Kila mtu ni nani?"

"Watu, mama. Hata mchungaji alikwenda."

"Mchungaji mbuzi wake walikamatwa barabarani. Barabara ni ya serikali. Wangu walikuwa wapi?"

"Kwa mgeni, bwawani."

"Hapo bwawani palikuwa malisho ya baba yangu, aliyeuza ni kaka yangu bila kuniuliza. Mbuzi hawakuingia kwa mtu. Walirudi kwao." Akatupa ganda la mbaazi. "Nikienda kusema dola moja, nimesema nanunua. Mtu hanunui chake. Siendi."

"Wasiponunuliwa watachinjwa. Unajua."

Akachukua ganda jingine. "Aliyewakamata anajua mama yake ni mtu wa namna gani," akasema. "Muulize yeye atafanya nini."

Sikumpenda mwanamke yule. Lakini pale nilimwona anavyomeza mate, nikajua hatakwenda na atakufa kwa kutokwenda.

Ijumaa zizini palijaa watu kuliko siku ya uchaguzi. Wamekuja wa Bethel Hill wote, wamekuja na wa Valley mjini, wengine na viti. Lori la machinjio lilikuwa limeshageuzwa, mlango wa nyuma wazi. Leroy alikuwepo na makaratasi yake, amevaa tai, jasho linamtoka. Mbuzi walisimama kwenye kona, wamebanana, beberu mbele. Na kila mtu alikuwa anatazama barabara, kumngoja Mama Iona na kofia yake ya kanisani.

Tulingoja. Leroy akatazama saa, akakohoa, akatazama tena.

"Anza, Wycliffe."

"Bado hajafika."

"Dereva wa lori ana safari nyingine. Anza."

Wycliffe alikuwa na lile shati la serikali, lenye nembo ya kisiwa kifuani, pomboo watatu. Akapanda juu ya jiwe. Sauti yake ilitoka nzuri, ile ya kwaya. "Mbuzi kumi na mmoja, mkato wa Harrigan wa sikio la kushoto. Mnasemaje?"

Kimya.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Pale palikuwa na watu wenye magari mapya, na watu waliokula wali na nyama ya mbuzi kwa Mama Iona tangu wakiwa watoto, kila mmoja ana dola moja mfukoni, na hakuna aliyeweza. Mimi nilikuwa nayo mkononi, imelowa. Ningesema, wangesema nimemzika. Na yeye mwenyewe angewaacha mbuzi wafe kwa kiu uani kwake kuliko kunywa maji kwa fadhila yangu. Heshima ilitushika koo wote, mbuzi wakitutazama.

Akatokea mpishi mmoja wa hoteli, mgeni kisiwani, kijana wa watu, hajui hili wala lile, akainua mkono. Eulalie akamshika kifundo cha mkono akaushusha. "Mwanangu," akamwambia taratibu, "mkono huo unaupenda?"

"Mara ya pili," Wycliffe akaita. "Mnasemaje?"

Nyuma huko mtu akasema kwa sauti ya kusikika, "Kikulacho ki nguoni mwako. Leo atamla mama yake." Hakuna aliyecheka. Dereva wa lori akazima sigara akaingia ndani, akawasha injini.

Wycliffe akatazama barabara. Ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshaijua sura ile. Nikawaza paa letu, nikawaza ile pensheni, na nikasema moyoni potelea mbali.

"Mara ya tatu," akasema. "Dola moja."

Leroy akainua kichwa. "Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe huruhusiwi. Sheria iko wazi, mlinzi wa zizi hanunui mnadani. Nitaandika nini hapa?"

"Nifukuze."

"Wycliffe, usinifanyie hivyo mbele za watu."

"Nifukuze, Leroy. Nifukuze haraka, lori linaondoka."

Leroy akawatazama watu, akamtazama mama yake, Eulalie, ambaye alikuwa anatazama mbuzi. Akalegeza tai. "Haya. Wameshuhudia wote. Umefukuzwa. Vua shati hilo, ni la serikali."

Akalivua, akalikunja vizuri akampa. Akabaki na fulana iliyotoboka kwapani, ambayo nilikuwa nimemwambia aitupe. "Dola moja," akasema tena, sasa akiwa mtu kama watu.

Kimya. Leroy akagonga karatasi zake. "Wameuzwa."

Mngefikiri mtu angepiga makofi. Watu walikunja viti vyao. Mmoja akasema, "Hatimaye mwizi kanunua," wakaanza kutawanyika, na yule fundi wa magari aliyekuwa hana nafasi akapita karibu yetu akitazama ardhi. Pikapu ilikuwa ya serikali, kwa hiyo ufunguo nao ulichukuliwa.

Tukawaswaga kwa miguu. Jua la saa sita, barabara inawaka, mimi na viatu vya kanisani. Njiani watu walitoka barazani kututazama. Watoto hawakulia mee. Wycliffe alikuwa anatembea mbele na beberu, na nikaona mgongo wake umenyooka, na mara akaanza kuimba chini chini ile sauti ya nne. Nilitaka kumwambia anyamaze, sisi sasa ni watu wasio na kazi. Nikamwacha. Ilikuwa miaka sijamsikia.

"Atanifungulia," akasema tulipofika mteremkoni. "Mbuzi ninao, kazi sina. Amebakiza sababu gani?"

Mama Iona alikuwa getini. Akafungua. Mbuzi wakapita mmoja mmoja, naye akawagusa masikio kila mmoja, lile la kushoto, akiwanong'oneza maneno yake. Yule jike mdogo alimshika kidevu akamkagua macho. Wa mwisho alipoingia, Wycliffe naye akainua mguu.

Geti likafungwa mbele yake. Mama Iona hakulisukuma kwa nguvu, alilirudisha tu, akatia kitanzi cha waya.

"Mama, kazi nimeiacha."

"Umeacha?" Mama Iona akamtazama, mara ya kwanza kwa miaka sita alimtazama usoni. "Eulalie kanipigia simu kutoka zizini, nyinyi hata hamjafika kona. Umefukuzwa."

"Si ni yale yale, mama?"

"Si yale yale. Kila siku nilisimama hapa nikangoja uje useme, mama, nimeiacha. Ungekuja siku yoyote. Ungekuja jana, kabla lori halijaja. Sasa huna tena cha kuacha."

Wycliffe akasimama ameshika waya kwa mikono miwili, mtu mzima wa miaka hamsini, amevaa fulana iliyotoboka. Nikamwambia yule mwanamke kwamba roho yake ni ya jiwe, kwamba mwanawe amejivua nguo mbele ya kisiwa kizima kwa ajili ya mbuzi wake.

"Mama," Wycliffe akasema, "mimi mwanao."

"Najua," Mama Iona akasema. "Ungekuwa mgeni ningekufungulia."

Akaenda kuwapa mbuzi maji, na sisi tukateremka.